Nusu Chupa ya Mama Mkwe

Pulchérie alikuwa amepanga kila kitu siku ile, isipokuwa mama yake.

Begi lilikuwa tayari tangu jana: chupa mbili za maji yaliyokorogwa sukari na chumvi kidogo, ndizi mbivu, Fanta moja ya dharura, na mashine ndogo ya akiba ya kupima sukari ya damu, ambayo Wilfried alimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Mahmudu, jirani yao mwenye pikipiki, alikuwa amekubali kumpandisha kutoka Baraka, ziwani, hadi Fizi, mlimani, alfajiri, kisha kushuka naye polepole nyuma ya wakimbiaji. Kazi ya Pulchérie ilikuwa moja tu. Kila wakifika mahali walipokubaliana, ampe Wilfried kitu kitamu cha kutia mdomoni kabla sukari haijamshuka mwilini.

Kwa maana Wilfried, huyo kijana mrefu mwenye tabasamu lililokwisha kumharibia Pulchérie nguo tatu za wateja kwenye cherehani, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Alijidunga insulini kila siku, na alikimbia kila siku, na hakuona kwa nini moja limzuie kufanya la pili. Mtu wa namna hiyo akikimbia mbio ndefu, dawa inashusha sukari na miguu nayo inaila, na asipotia kitu tumboni anaishiwa palepale barabarani. Pulchérie alikuwa ameyajua hayo yote kwa sababu alimpenda, na mwanamke akipenda hujifunza mambo ambayo shuleni yangemlaza usingizi.

Basi walipofika Fizi, uwanja umejaa wakimbiaji wanaonyoosha miguu, Pulchérie akashuka, akaliacha begi juu ya pikipiki, akaenda kumtafuta mpenzi wake. Aliporudi, alimkuta mama yake amekaa juu ya pikipiki. Mama Constance alikuwa amelala Fizi kwa dada yake, jambo ambalo hakuna aliyemwambia Pulchérie. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, kilemba kimesimama wima, na begi lile amelipakata mapajani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Baraka."

"Na nani?"

"Na ninyi. Ao Mahmudu ameuzisha hii pikipiki?"

Mahmudu alianza kulikagua gurudumu la mbele kwa bidii, ingawa halikuwa na tatizo lolote.

"Mama, hapa ni juu ya kufuata mbio tu. Jua litakuumiza."

"Mwaka jana," Mama Constance akasema, "kijana moja wa Kilembwe alikimbia mpaka ku kona, akapanda lori ya mihogo, akashukia karibu na Baraka. Bantu bakamupigia makofi. Mi sitaki hadisi ya lori. Nilisema afike na miguu yake, na nitamuangalia na macho yangu, tangu hapa mpaka kule."

Hilo ndilo lilikuwa sharti. Wiki mbili kabla, wanakwaya wenzake walimnong'oneza Mama Constance kwamba kijana anayemposa binti yake ana sukari, na tangu jioni ile nyumba haikukalika. Alisema hatamtoa mtoto wake akawe muuguzi wa mume. Alisema wagonjwa wa sukari anawajua, wanalala kitandani mchana kutwa wakiita maji. Wilfried akatuma neno kwamba yeye atakimbia kutoka Fizi hadi Baraka pamoja na vijana wazima. Mama Constance akacheka, kisha akajibu mbele ya wajomba wote: akifika kwa miguu yake, wazee wake waje na posa. Akianguka njiani, au akionyesha ugonjwa mbele ya watu, asikanyage tena kwao. Neno la Mama Constance likishatoka mbele ya wajomba, hata padri hawezi kulirudisha.

Lakini si sharti lililomtia Pulchérie jasho pale uwanjani. Ni kile kiti cha pikipiki. Maana kwao, kijana anayetaka binti hali wala hanywi mbele ya mama wa binti. Anamsalimu kwa mbali, macho chini, na hata mate anayameza kwa siri. Mkwe wa jirani yao mmoja aliwahi kukutwa na mama mkwe wake akitafuna sambusa barazani, na habari ilifika hadi kijiji cha Lubondja kabla sambusa haijaisha. Mama Constance alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara sambusa ilikuwa kubwa zaidi.

Wilfried akaja karibu, akainama kujifanya anafunga kamba za viatu.

"Mama yako iko anafanya nini pale?"

"Anakuja na sisi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Kijana akazifungua kamba alizokwisha kuzifunga. "Na mi nitakula namna gani?"

"Nitatafuta njia. Asubuhi ulipima?"

"Nilipima, iko muzuri. Nilipunguza dawa vile banatufundisha ku hospitali, nikala mihogo na maharagi. Kwa mwanzo sina shida, Pulé. Ni ku kati ya njia njo sukari itaniangusha."

Akainua macho, akamtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo hajalifanya, na Pulchérie alitamani amshike mkono palepale, lakini kilemba cha mama yake kilikuwa kimegeukia upande wao. Filimbi ikalia, wakimbiaji wakaondoka, na pikipiki ikaondoka nyuma yao na watu watatu juu yake: Mahmudu mbele, Pulchérie katikati, na Mama Constance nyuma na begi lile.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Wilfried alikimbia kwa mwendo wake, mgongo umenyooka, wala hakuwafukuza wale wenye haraka. Barabara ilikuwa nyekundu, upepo wa mlimani ulikuwa baridi bado. Pulchérie aliutazama mgongo ule, akasahau shida zake zote kwa muda.

"Anakimbia kama muntu wa zamani," Mama Constance akasema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa karibu sifa.

Wakafika mahali pa kwanza pa makubaliano.

"Mahmudu, tumupite kidogo," Pulchérie akasema. "Mama apumuzike ku kivuli pale mbele."

"Usimupite," Mama Constance akasema. "Mi sikukuja kuangalia kivuli."

"Mama, lakini lazima akule kitu."

"Akule. Nani anamukataza?"

"We uko hapa."

"Mi niko barabarani. Barabara si yangu."

Pulchérie akafungua mdomo amweleze, kisha akaufunga. Angemweleza nini? Kwamba asipokula ataanguka? Hiyo ingekuwa kumkabidhi mama yake ushindi mkononi, tena kabla jua halijapanda. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuja kumuuma baadaye kuliko kitu chochote.

Wilfried alijaribu mwenyewe. Kwenye mfuko wa kaptura alikuwa na vipande vya sukari alivyovifunga katika karatasi. Walipokata kona, akatia kimoja mdomoni haraka.

"Nini ile anatafuna?" Mama Constance akauliza.

Wilfried alisikia. Alikimeza kipande kizima, na kilipokuwa kinashuka mabega yake yalipanda hadi masikioni.

Mbele kidogo kulikuwa na wasichana wa parokia wanaogawa maji ya vifuko. Mmoja akamkimbilia Wilfried akamtilia kifuko mkononi. Wilfried akakitazama kwa hamu kubwa, akasikia mlio wa pikipiki nyuma yake, akakipasua na kujimwagia kichwani. Kituo kilichofuata alifanya vivyo hivyo. Cha tatu pia. Maji yalimtiririka hadi kwenye kaptura, akawa anakimbia huku kaptura ikilia chapwa chapwa.

"Huyu anapenda kuoga," Mama Constance akasema.

"Ni joto, Mama."

"Joto na huu upepo?"

Pulchérie ndiye aliyepata wazo la kichaka. Alikuwa amechomoa ndizi moja begini kwa kupapasa tu, wakati mama yake anafunga kilemba, akaificha kiunoni. Waliposimama nyuma ya kundi la mbuzi wanaovuka barabara, akashuka, akampenyezea Wilfried na kumwonyesha kichaka kwa macho. Wilfried akaelewa. Akaingia kichakani kwa mwendo wa mtu mwenye haja, na Mama Constance, ambaye ni mwanamke wa heshima zake, akageuza uso upande wa pili. Kijana akatoka huko amefuta midomo na amepata nguvu mpya. Pulchérie alimshukuru Mungu kwa kila kichaka alichokiumba katika nchi ya Fizi, akaanza kuvihesabu vilivyobaki hadi Baraka.

Hesabu hiyo haikumfikisha mbali. Kijana alipotaka kuingia kichaka cha pili, ingawa safari hii hakuwa na ndizi ila vipande vyake vya sukari tu, Mama Constance akasema kwa sauti ya kutosha kusikika bondeni:

"Ile ya kukojoa mara na mara, si njo ugonjwa yenyewe?"

Mguu wa Wilfried ulikuwa umekwisha kuingia kwenye majani. Akautoa. Akarudi barabarani, akakimbia.

Kuanzia hapo Pulchérie hakuuona tena uzuri wa mgongo ule. Aliona mabega yanashuka. Barabara ilikuwa imeanza kuteremka, na chini kule ziwa lilikuwa limetanda hadi rasi ya Ubwari, joto limepanda kulaki watu. Wilfried alikuwa anatoka jasho jingi, kisha jasho likawa la ajabu, uso umepauka. Alianza kwenda upande upande. Wakimbiaji waliokuwa nyuma yake wakampita, mmoja mmoja, na yeye hakuonekana kujali.

Kisha akasimama katikati ya barabara akamsalimu mbuzi.

Alimsalimu vizuri, kwa heshima, akamuuliza habari za nyumbani. Mahmudu akakanyaga breki. Mbuzi akaondoka, na Wilfried akakasirika.

"Ona," akasema, ulimi mzito. "Bantu ba siku hizi habana adabu."

"Ni mzaha anafanya?" Mama Constance akauliza.

Pulchérie alikuwa ameshuka kabla pikipiki haijasimama. Alimshika mkono, nao ulikuwa baridi na umelowa na unatetemeka. "Wilfried. Niangalie. Kaa chini."

"Sikai. Niko naenda ku posa."

"Kaa."

Akakaa, kwa sababu miguu ilikataa kusimama. Pulchérie akamchoma kidole, akatia tone la damu kwenye mashine. Namba iliyotokea ilikuwa ndogo kuliko zote alizowahi kuziona.

"Vipande vyako vya sukari viko wapi?"

Pulchérie mwenyewe akamtia mkono mfukoni. Alichotoa ni karatasi iliyolowa. Sukari yote ilikuwa imeyeyuka kwa yale maji ya wasichana wa parokia, na kaptura ilikuwa inanata. Akalivuta begi, akafungua chupa ya kwanza, akaonja. Maji matupu. Akaonja ya pili.

"Mama, hii maji..."

"Niliibadilisha kule Fizi," Mama Constance akasema. "Nilionja, sukari tupu. Nikasema huyu mutoto wangu ataua muntu. Mugonjwa wa sukari unamupatia sukari?"

"Na ndizi?"

"Nilipatia batoto ba dada, ikabaki moja tu. Ilikuwa tamu sana."

Pulchérie akamwangalia mama yake, na mama yake akaona katika macho yale jambo ambalo lilimfanya ashuke kwenye pikipiki bila kusaidiwa.

"Mama. Sukari yake haikupanda. Imeshuka. Anajidunga dawa, na anakimbia, na hajakula juu ya kukuonea haya. Asipopata kitu tamu saa hii atazimia, na akizimia anaweza kufa. Fanta iko wapi?"

Polepole, kutoka chini ya kitenge, Mama Constance akatoa chupa. Ilikuwa nusu.

"Nilikuwa na kiu," akasema. "Na niliona ni afazali niinywe mi, kuliko imuue yeye."

"Leta."

"Pulchérie, mudomo wangu umegusa humu. Ni mukwe. Kunywa mbele yangu ni haya, sasa kunywa masalio yangu..."

"Mama," Pulchérie akasema, na machozi yalikuwa yamekwisha kumfika kidevuni, "mi nampenda."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya mama yake. Mabinti wa nyumba ile hawalisemi. Mama Constance akampa chupa.

Lakini Wilfried alikuwa amekaza meno. Akili zake nyingi zilikuwa zimeondoka, isipokuwa adabu, ambayo ilibaki peke yake na kushika mlango.

"Kunywa, mupenzi wangu."

"Siwezi. Mama iko."

Mama Constance akageuka akampa mgongo, akajifunika kitenge kichwani. "Sioni kitu. Kunywa."

"Miguu yake naiona," Wilfried akasema.

Mama Constance akaondoka, akaingia katika shamba la mihogo la watu, akachuchumaa nyuma ya majani. Mahmudu naye akageukia ziwa, ingawa hakuna aliyemkataza kuangalia.

"Ameenda. Kunywa."

Wilfried akasikiliza, kichwa kimeinama. Shambani kule Mama Constance akakohoa.

"Nasikia anakohoa," akasema, na akakunja midomo. Kisha, kwa sauti ya juu, akilielekeza neno shambani: "Mama, mutoto yako nampenda kupita pumzi yangu. Na pumzi nayo iko inaisha."

Majani ya mihogo yakapasuka. Mama Constance alitoka huko kilemba kimelala upande, akaja mbio, akakaa barabarani na kitenge chake cha kanisani, vumbi na yote. Akakikamata kichwa cha Wilfried, akakilaza kwenye kiwiko, akamfinya pua.

"Fungua. Nimenywesha batoto sita dawa ya minyoo, we njo utanishinda?"

Mdomo ukafunguka kutafuta hewa. Fanta ikaingia kidogo. "Meza." Akameza. "Tena. Kidogo kidogo. Kichwa ngumu kama ya baba yake Pulchérie. Meza." Na wakimbiaji wawili wa mwisho kabisa, wanaume wa Baraka wanaomfahamu Mama Constance vizuri, wakapita palepale wakaona mama mkwe amempakata mkwe, anamnywesha kwa chupa yake mwenyewe. Walikimbia kwa kasi ambayo hawakuwa nayo tangu asubuhi, maana habari kama ile inataka kufika mapema.

Chupa ikaisha. Wakasubiri. Mama Constance alikuwa bado amekishika kile kichwa, na kwa mkono mwingine alikuwa anamfuta jasho kwa pindo la kitenge, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

"Kumbe sukari yao inapunguka pia?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Inapunguka. Njo hiyo nilitaka kukuambia tangu Fizi."

"Mbona haukusema?"

"Ulisema akionyesha ugonjwa, basi."

Mama Constance akatazama barabara. "Nilisema," akakubali.

Pulchérie akapima tena. Namba ilikuwa imepanda. Rangi ikaanza kurudi usoni mwa Wilfried, na pamoja na rangi, akili. Ungeweza kuiona inarudi. Alitazama mawingu, akatazama chupa tupu, akatazama mkono uliomshika kidevu, akaufuata mkono hadi begani, na kutoka begani hadi kwenye kilemba. Akashtuka, akajiviringisha hadi ukingoni mwa barabara, akajificha uso kwa viganja.

"Usisimame," Pulchérie akasema. "Bado utakula."

"Hata akisimama ataenda wapi," Mama Constance akasema. Akainuka, akajipangusa vumbi, akamgeukia Mahmudu. "Kule chini nimeona mama anauzisha ndizi na mua. Enda, lete. Kisha tunaenda, mi na we."

"Na Pulchérie?" Mahmudu akauliza.

"Pulchérie anabaki. Mi nikikaa hapa huyu hatakula mpaka Yesu anarudi."

"Mama, na hadisi ya lori?" Pulchérie akauliza. "Nani atamuangalia?"

"We njo utamuangalia," Mama Constance akasema, na yule ambaye hajapata kumruhusu binti yake kutembea na kijana hata kutoka kanisani hadi sokoni, Mahmudu aliporudi na ndizi na mua, akapanda pikipiki akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Wakabaki wawili. Wilfried alikula ndizi akiwa amempa Pulchérie mgongo, kwa mazoea tu. Pulchérie akamzunguka akakaa mbele yake.

"Ungekufa," akasema.

"Singekufa."

"Ungekufa juu ya kuona haya. Ulijua inashuka?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, Pulé? Simama, mama mukwe, mi nataka kutafuna? Angesema sina adabu."

"Angesema siku moja. Mi ningelia maisha yangu yote. Unaona ni sawasawa?" Sauti ikampasuka. "Mi sitaki bwana mwenye adabu ku kaburi. Nataka we. Na kelele zako, na sindano zako, na kuamka asubuhi unapima. Kama we hautaki kuishi, useme sasa, nirudi ku cherehani yangu."

Wilfried aliacha kutafuna. Alikuwa amewahi kuona Pulchérie akicheka, akinuna, akitia uzi kwenye sindano kwa jicho moja. Hakuwahi kumwona akiogopa. Akamshika mikono yote miwili, na vidole vyake havikutetemeka tena.

"Nisamehe," akasema. "Toka leo, ikishuka nitasema."

"Hata mbele ya mama?"

"Hata mbele ya askofu."

"Na mi pia nisamehe. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa neno la Mama kuliko ugonjwa wako."

Wakatazamana kwa muda mrefu kuliko inavyofaa barabarani. Pulchérie akafurahi kwamba hakuna mtu wa kupita.

"Nilisema nini wakati nilikuwa vile?" Wilfried akauliza.

"Ulisalimia mbuzi."

"Basi?"

"Basi," Pulchérie akasema. Lile neno lingine, la pumzi, aliliweka moyoni kwanza, alitumie siku watakayogombana.

Alimpima tena, akamlisha tena, akamkataza kusimama hadi aliporidhika. Ndipo wakaondoka, kwanza wakitembea, kisha wakikimbia kidogo, Pulchérie na kandambili zake mkononi na mua begani. Kila baada ya kipande cha njia alimvunjia pingili, naye akatafuna mchana kweupe, bila kichaka.

Walipoingia Baraka, mbio zilikuwa zimekwisha zamani. Washindi walikuwa wamekwenda kuoga ziwani, na vijana walikuwa wanakunja kitambaa cha mwisho wa mbio. Lakini watu hawakuondoka. Wale wanaume wawili walikuwa wamefanya kazi yao, na nusu ya soko ilikuwa imekuja kumwona mkwe aliyekunywa, kwa maneno yao, mdomoni mwa mama mkwe. Wajomba walikuwepo, mikono nyuma. Wanakwaya walikuwepo wote, wakiwa wamekaa vizuri kama siku ya misa. Mbele yao alisimama Mama Constance, kilemba kimefungwa upya.

Wilfried alifika kwa miguu yake, wa mwisho kabisa. Akasimama mbali na Mama Constance kama desturi inavyotaka, macho chini. Pulchérie alibaki nyuma yake. Alijua mama yake hakuwahi kuchekwa na soko hata siku moja, na kwamba neno atakalolitoa sasa, mbele ya wajomba, halitarudi.

"Mama," Wilfried akasema, "nimekosa mbele yako. Nilikunywa, na wewe uko. Nitatuma wazee waje kuomba samahani."

"Ulikunywa wapi?" Mama Constance akauliza.

Wilfried akababaika. "Kule ku barabara."

"Nani alikuona? Mi sikuona kitu. Nilikuwa ku mihogo ya bantu." Akageuka. "Mahmudu, uliona kitu?"

"Mi nilikuwa naangalia ziwa," Mahmudu akasema, na huo ulikuwa ukweli.

"Lakini sisi tuliona," akasema mmoja wa wale wawili. "Alimushika pua kabisa."

Mama Constance akamtazama mtu yule kuanzia viatuni kwenda juu, bila haraka. "We ulimukuta mutoto wa bantu amekaa chini barabarani, ukapita na mbio. Na unataka kunifundisha adabu?"

Mtu yule akatafuta pa kuweka uso wake. Mwanakwaya mmoja akaguna, mwingine akaanza kukusanya kandambili zake. Wajomba wakaangaliana, na mkubwa wao akakohoa kidogo, ishara kwamba kikao kimefungwa.

Mama Constance akamrudia Wilfried. Alimtazama sana, yule kijana mrefu aliyenata sukari na vumbi.

"Hao wazee ba kuomba samahani," akasema, "ni bale bale batakuja na posa?"

"Ni bale bale, Mama."

"Basi baseme yote siku moja. Mi siwezi kupikia bantu mara mbili."

Pulchérie akaishika mashine mkononi hadi ikamuumiza. Alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujali nani anaona. Wilfried alikuwa bado ameinamisha kichwa, kana kwamba hajasikia vizuri.

"Na chai yako siku ile," Mama Constance akaongeza, akijitengeneza kitenge kwa aibu kidogo, "nitie sukari ao nisitie?"

Wilfried akasahau desturi yote. Aliinua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Tutapima kwanza, Mama."

"Bien, muzuri," Mama Constance akasema. "Mukuje na hiyo mashine."